Siku Zangu Tatu kwa Kiti ya Prefe

Bandugu, muniache nijicheke mwenyewe, kabla banafunzi bangu banimalize na kicheko.

Nafundisha historia kwenye sekondari moja ya hapa Baraka. Lundi asubui niliona prefe wetu, mukubwa wa masomo, anapanda pikipiki ya kwenda Lubondja, godoro imefungwa nyuma. Nani anabebaka godoro kama si kuhama? "Bamemutoa," nikajiambia. Kuuliza muntu? Hapana. Furaha haiulizake.

Siku ile ile nikahamia kwa biro yake, ile ofisi ya mukubwa. Nikatundika koti yangu kwa kiti yake, nikaanza kusaini makaratasi na bic nyekundu, sawa yeye. Hata kukohoa, nilikohoa sawa yeye.

Siku ya tatu somo ilikuwa Babeli. Nikafundisha juu ya Labashi-Marduk, mufalme mwenye alirithi kiti ya baba yake, na kisha miezi michache tu bakubwa bakamuua. "Hata vitabu vinamusahau," nikasema, kifua mbele. "Kiti yenye haikufai inakutapika. Hata hapa kwetu tumeona mumoja ametapikwa, ao uongo?"

Macho yote ilikuwa kwa mulango. Nikageuka: prefe, koti yangu mukononi.

"Natoka kulala kwa matanga ya mukwe wangu," akasema pole pole. "Endelea, mwalimu. Na huyu mufalme mwenye alikalia kiti yangu, yeye alitawala siku ngapi?"

Darasa yote ikajibu kwa sauti moja, vile nilibazoeza mimi mwenyewe:

"Tatu, Monsieur le Préfet!"