Stipe na Kompyuta Iliyokawia Kuwaka

Kila asubuhi Stipe aliwasha kompyuta kabla ya kuwasha moto. Alibonyeza kitufe, akaiacha mezani imefunguka, akatoka nje kushughulika, na kukawia kwake alikupima kwa shughuli hizo. "Leo ni kunyoa na kahawa," alitwambia akija kuchota maji kwenye tangi letu. Siku mbaya ilikuwa kunyoa, kahawa, kunoa sururu na kufagia kambi nzima, na akirudi anakuta kioo bado cheusi, herufi nyeupe zikipanda moja moja kama mzee anayepanda ngazi ya shimo.

Kambi yake na yetu ziligawanywa na lundo moja la kifusi cheupe. Mimi mjukuu na bibi tunakaa kwenye basi lisilo na matairi. Yeye alikaa kwenye nyumba ya mabati aliyoijenga mwenyewe. Stipe Barbarić alikuwa Mkroatia mrefu, mikono kama koleo, mwenye miaka kumi na tisa ya kuchimba vito vya opali, na nyingi aliyoipata ni ile ya kijivu isiyo na rangi ambayo watoto wanachezea. Hakulalamika. Kitu kimoja tu kilimtoa jasho, nacho ni kompyuta ile kuukuu.

Alikuwa na binti, Nevenka, wa miaka minane, anayeishi na mama yake mjini Dubbo. Mahakama iliamua hivi: Jumapili moja kila wiki mbili, saa nne kamili asubuhi, baba ataongea na mwanawe kwenye kioo, akiwa nyumbani kwake, ili mwangalizi wa mahakama amwone na aone mahali mtoto atakapolala wakati wa likizo. Si baa, si kwa jirani. Akichelewa robo saa, inahesabiwa hakuongea. Akikosa mara tatu, maongezi yanasimama mpaka kesi isikilizwe upya, yaani mwakani.

Mtu atauliza, kwa nini asiiwashe alfajiri aiache inawaka? Betri yake ya ndani ilikuwa imekufa zamani, ilikula umeme wa waya tu, na umeme wetu huku ni wa jua. Julai, ambayo huku ni katikati ya baridi, jua ni kama mgonjwa. Kompyuta ikikaa saa moja na nusu, mabetri ya nje yanaishiwa na kila kitu kinazimika. Simu za mkononi hazishiki kambini, intaneti inatoka kwa setilaiti tu. Kwa hiyo ilikuwa kama kurusha jiwe ulenge kwenye tundu.

Mara ya kwanza alikosa mwezi wa sita. Alivaa shati lililopigwa pasi, akakaa mbele ya kioo tangu saa tatu. Kompyuta iliamka saa nne na dakika ishirini na mbili. Mwangalizi alikwisha funga. Bibi alimpelekea supu, akaikuta jioni haijaguswa.

Akamwita Laszlo. Huyu ni Mhungari wa kambi ya tatu, zamani alikuwa fundi wa simu, na ndiye aliyeitia kompyuta ile mfumo wa Linux kwa sababu ilikuwa kuukuu mno kubeba kitu kingine. Alikuja na miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, maana macho yalikuwa yanamwisha.

"Haraka haraka haina baraka, ndugu yangu," akasema akikaa.

"Haraka? Dakika themanini unaziita haraka?"

"Basi tulia. Shida iko kwenye kiini, moyo wa mfumo. Kiini ndicho kinachoamka kwanza. Kikiamka kinagongea wenzake milango: kamera, sauti, intaneti. Hiki chako kinagonga mlango ambao haufunguki, kinasubiri, kinagonga tena."

"Mwambie aache kugonga."

"Haambiwi huyo. Anabadilishwa."

Akamwonyesha kushika kitufe kimoja wakati mashine inaanza, mpaka itokee orodha. Viini vya zamani vilikuwa bado vimo, kimoja chini ya kingine, kila kimoja na namba yake. Kila mashine ikijisasisha inaleta kipya na kuacha cha zamani chini. Stipe akachagua cha chini kabisa. Dakika mbili, kompyuta ikawaka.

"Mungu wangu," bibi akasema. "Hata shavu moja hujanyoa."

Stipe alimbusu Laszlo kipara. Jumapili ilipofika, saa nne kamili, Nevenka akatokea kwenye kioo, nywele zimefungwa mafungu mawili pembeni, jino moja la mbele hakuna. Mimi nilikuwa mlangoni, nilimwona.

"Baba, mbona wewe ni giza?"

Kamera haikuamka. Kiini kile cha zamani hakikuijua.

"Taa imeharibika, mwanangu. Lakini mimi nipo. Unanisikia?"

"Washa nyingine."

"Nitawasha. Niambie shuleni kukoje."

Mtoto alikuwa anaangalia pembeni. "Mimi sitaki kuongea na giza," akasema, si kwa ubaya, kama mtu anayesema hataki uji. Mwangalizi akaingilia. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole, na upole ule ndio uliouma. Akasema kanuni inataka mtoto amwone mzazi na mahali. Itabidi aandike kwamba haikufanyika. Anasikitika sana, Bwana Barbarić.

Mbili.

Laszlo alimwambia waziwazi. "Jumapili yako ijayo nitakuletea kompyuta yangu mpaka hapa mezani kwako. Utaongea, nitaondoka nayo. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Acha kiburi, we mzee. Ni chombo tu."

"Mimi siteremki shimo langu kwa ngazi ya mtu. Hii yangu itawaka."

"Kichwa kama jiwe la kusagia," Laszlo akasema, akaondoka. Hawakugombana zaidi ya hapo, lakini Stipe alimjibu vibaya na alijua.

Wiki mbili zile hakuteremka shimoni hata siku moja. Alikuwa na kipande cha boksi ukutani, ameandika namba za viini vitano, na mbele ya kila kimoja alama: inawaka upesi, kamera, sauti, intaneti. Kimoja kilikuwa na kamera lakini hakina intaneti. Kingine kilikuwa na vyote ila dakika arobaini. Aliandika kwa kidole kimoja, akanuna, akazima, akawasha. Macho yalimwingia ndani. Bibi alimwambia, "Stipe, mwanangu, kula kwanza." Akajibu, "Nikipata nitakula," kama anavyosema mchimbaji yeyote huku, na wengi wao hawapati.

Ijumaa Laszlo alichukuliwa na mpwa wake kwenda Sydney kupasuliwa macho. Aliondoka na vitu vyake vyote, hata kompyuta.

Jumamosi alasiri kiini kipya kabisa kilimaliza kushuka kutoka angani. Stipe akakiweka, akaanzisha upya. Dakika moja na nusu. Intaneti ipo. Sauti ipo. Akafungua kamera, na uso wake ukatokea, mwekundu, ndevu za siku nne. Aliuangalia muda mrefu. Kisha akaanza kucheka, akatuita, tukasimama nyuma yake tukajipungia mikono wenyewe.

"Kumbe nimezeeka hivi?" bibi akasema. "Ondoa hicho kioo."

Akazima, akawasha. Dakika moja na nusu. Mara ya tatu, vilevile. Akanyoosha mgongo ukalia.

Sasa nieleze alichofanya, maana wengine walisema ni ujinga, na haukuwa ujinga. Kwetu shimo lililokwisha haliachwi wazi. Ukiliacha, kondoo watatumbukia, mtu atatumbukia, na hupewi shimo jipya kabla hujafukia la zamani. Mtu anayeacha mashimo wazi nyuma yake hasalimiwi. Stipe alifukia yake yote miaka kumi na tisa, mpaka la mwisho, kwa koleo. Basi akaviangalia viini vile vya zamani, vilivyomdanganya, vimekaa tu pale chini vikijaza nafasi, akaanza kuvifuta.

Mashine iliuliza kila mara kama ana hakika. Alibonyeza. Vikabaki vinne, vitatu, viwili. Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo nikisoma namba zikipotea. Sikusema neno kwa sababu hata mimi niliona ni sawa. Kikabaki kile kipya peke yake.

"Safi," akasema, akajipangusa mikono kana kwamba ina udongo.

Laszlo alitueleza baadaye, akiwa na jicho moja limefungwa bandeji. Kuzima na kuwasha mashine ikiwa bado ya moto si sawa na kuiamsha asubuhi ikiwa baridi. Vifaa vingine vinakuwa havijalala bado, kiini kinavikuta macho. Na hakuna fundi anayefuta kiini cha zamani kabla kipya hakijalala na kuamka wiki nzima. Angekuwepo angemshika mkono.

Jumapili maji ya ndoo yalikuwa yameganda juu. Stipe aliwasha saa mbili na nusu, amenyoa, amevaa shati. Herufi zilipanda, zikasimama. Akasubiri mpaka saa tatu. Akazima, akashika kile kitufe, orodha ikatokea. Ilikuwa na mstari mmoja. Alibonyeza kushuka chini, akabonyeza kupanda juu. Mstari ule ule. Akauchagua. Herufi zikapanda, zikasimama pale pale.

Saa tatu na nusu aliivua waya, akaitia ndani ya koti kifuani ipate joto, akakaa karibu na jiko ameikumbatia. Mimi nilikimbia mpaka kambi ya Laszlo, nikijua ni bure, nikakuta kufuli. Niliporudi alikuwa ameirudisha mezani. Saa nne kasorobo. Saa nne. Bibi alikuwa anasali kwa kunong'ona, akasahau maneno, akaanza tena.

"Vunja tu," bibi akasema mwishowe. "Ipige teke."

"Haina kosa," akasema Stipe.

Saa nne na dakika nane mstari mmoja mpya ukatokea, halafu mwingine. Tulisogea wote watatu. Nukta zikawa zinazunguka, ile alama ya kwamba inakaribia. Kisha taa ya ukutani ikafifia, na kioo kikazima. Mabetri ya nje yalikuwa yamekwisha.

Stipe aliangalia saa ya mkononi mpaka ikapita robo, na baada ya robo akaendelea kuiangalia. Nje kunguru walikuwa wanapiga kelele kwenye mabati.

Halafu akasimama, akavua buti, akavaa viatu vyake vya mjini. Akatia shati la pili na pasipoti kwenye mfuko wa unga.

"Unakwenda wapi, mwanangu?" bibi akamuuliza.

"Dubbo."

"Kwa miguu?"

"Mpaka lami."

"Watakuruhusu umwone?"

Alifikiri. "Hapana," akasema.

"Sasa unakwenda kufanya nini? Kaa. Laszlo atarudi, mtaitengeneza. Mwakani si mbali."

"Mwakani atakuwa na meno yote," Stipe akasema, akapita kati yetu.

Bibi alimwita mara mbili. Alitembea katikati ya malundo ya vifusi bila kugeuka, mfuko begani, mpaka akawa mdogo, mpaka tukawa hatujui kama ni yeye au ni nguzo ya uzio.

Dereva wa lori la kondoo ndiye aliyempandisha. Alisema walisafiri saa mbili. Kwenye njia panda akamshusha, akamwonyesha barabara ya Dubbo. Stipe akashukuru, akaitazama ile ya Dubbo, ambako hangeruhusiwa kumwona mtoto, akavuka, akashika barabara ile nyingine, ya magharibi, ambako ukitembea hukuti mji mpaka kesho yake.