Ngonjera ya Kushuka Bondeni

Enzi zetu kule Masanze, sherehe isiyo na ngonjera ilikuwa kama haijafanyika. Hatukuwa na maikrofoni, tulikuwa na vifua. Asubuhi tunapalilia shamba la shule, saa nne uji wa mtama kwenye vikombe vya bati, alasiri tunaghani mpaka mate yanakauka. Vijana wa leo mistari miwili tu, wanadai maji ya chupa.

Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa kipya, nyasi za mapaa bado zinanukia. Familia nyingi, na yetu ikiwemo, zilikuwa zimehamishwa kutoka vilimani. Siku walipokuja wageni kutoka Kilosa, Mwalimu Salome alinichagua niongoze:

Kwaherini vilimani, tumeshukia bondeni,
Shule ipo mlangoni, na maji yapo bombani.

Nilighani nikitabasamu, mkono juu, kama tulivyofundishwa. Wageni wakapiga makofi. Lakini bibi yangu, mstari wa mbele, alikuwa anajifuta macho kwa upindo wa kanga, na kina mama waliokaa karibu naye wameinamisha vichwa. Nikajua nimeiharibu ngonjera, na sitapewa tena nafasi ya kuongoza.

Watu walipotawanyika nilimwendea mwalimu, nikamwamkia, nikaomba msamaha. Akanikalisha kwenye benchi, akaniuliza kama maneno niliyoyasema yalikuwa ya furaha au ya huzuni. Nikajibu ya furaha.

"Basi hiyo ndiyo toni," akasema. "Ni jinsi mtunzi anavyolisemea jambo lake. Hali ni kitu kingine, ni kile kinachomwingia msikilizaji. Mtunzi anafurahia bomba. Bibi yako amesikia vilima. Hujaharibu chochote, na kesho utaongoza tena."

Jioni bibi alinivuta karibu naye jikoni. "Umesema vizuri, mjukuu wangu," akaniambia. "Ila babu yako tumemwacha peke yake kule kaburini."

Sasa naishi Mikumi, na wajukuu zangu hutuma rambirambi kwa simu pamoja na katuni inayocheka mpaka inatoa machozi. Toni sijui, hali sijui. Bomba limeingia hadi jikoni kwangu, ila wale niliokuwa nikipanga nao foleni ya ndoo wamebaki wachache mno.

Juzi mjukuu wangu Neema alighani ngonjera ile niliyomfundisha, akitabasamu, mkono juu. Alipofika kwenye bomba akaniona, akashusha mkono.

"Bibi, nimekosea?"

Nikatafuta upindo wa kanga yangu. "Hapana. Umesema vizuri, mjukuu wangu. Endelea."