Nilimsingizia wifi yangu kokoto zangu

Admin, nifichie jina, wifi yangu naye yumo humu. Nina miaka thelathini na sita, nimesoma hadi kidato cha nne, nimeolewa, naishi Liuli. Nakausha usipa, dagaa wa ziwa letu. Kila siku naandika shajara, kwa hiyo nikisema sikumbuki nitakuwa nadanganya.

Tulianza pamoja, mimi na wifi, dada wa mume wangu, kwa chanja moja ya kuanikia samaki. Wateja wetu walikuwa akina mama sita wenye migahawa Mbinga, wanaotaka usipa mkavu usio na mchanga. Mimi nikaona tunachelewa.

"Wifi, tutachambua samaki mmoja mmoja mpaka lini? Pale stendi ya Kitai abiria wananunua chochote."

Akacheka. "Tangulia, wifi. Mimi hawa sita bado sijawaridhisha."

Nikajitenga. Mzigo ukazidi chanja, nikaanika mchangani kama walivyofanya mama zetu. Gunia la kwanza liliisha siku hiyohiyo. Safari ya tatu, mama mmoja alinirudishia mfuko mbele za watu: "Dada, hii mboga au kokoto? Mume wangu kauliza kama nimempikia barabara!" Wapiga debe walicheka mpaka wakashika mbavu. Sikurudi tena Kitai.

Wifi sasa ana chanja tisa. Wale sita ndio waliomletea wengine. Nikipita kwake kifua kinawaka. Mume wangu akisema, "Dada anajua kazi," naacha ugali, nainuka.

Mwezi uliopita mmoja wa wale mama sita wa Mbinga alinipigia, maana wifi hakupatikana kwenye simu. Alitaka mzigo wa kila wiki. Nikamwambia, "Huyo siku hizi anaanika mchangani. Usipa wake kokoto tupu." Akanishukuru. Kumbe akawaambia na wenzake.

Jumapili wifi alikuja jikoni kwangu, macho mekundu. "Wateja watatu wameacha kuagiza, hawasemi kosa langu. Wewe una jicho kali, wifi, njoo unisaidie kulitafuta."

Nikaenda. Tuliinama kwenye chanja zake tangu asubuhi, tukitafuta kosa ambalo nilijua halipo. Alitupa kapu zima la usipa mzuri kwa wasiwasi. Kesho ananisubiri tena.

Nikisema, nitakosa wifi na pengine ndoa. Nikinyamaza, ataiua biashara yake kwa mikono yake mwenyewe. Ndugu zangu, ningekuwa dada yenu mngeniambia nianzie kwa nani: wifi, mume wangu, au yule mama wa Mbinga?