Kiti cha Wauza Ndagala

Kila ninaponusa ndagala, dagaa wetu wa ziwani, walioanikwa juani, nakumbuka asubuhi ile ufukweni Mulongwe. Mama alikuwa kiongozi wa wauza samaki, aliyechaguliwa nao wenyewe. Siku hiyo tulikuta mwanamume amekalia kiti chake.

"Sasa prezida ni minye," akasema, akijipiga kifua.

"Nani alikuchagula, papa?" Mama akamuuliza.

"Minye mwenyewe."

Nikanong'ona, "Mama, ameiba kiti?"

"Kiti wanaiba, mutoto wangu. Uongozi wananyakuaka: unakamata kazi yenye watu hawakukupatia."

Akajitwika beseni lake la ndagala, akaondoka. Mwanamke mmoja akajitwika lake, akamfuata, kisha wa pili, kisha wote, mmoja wao akicheka: "Prezida, baki utawale muchanga!"

Niliwatazama kinywa wazi. Sikuwa nimejua kwamba soko zima linaweza kubebwa vichwani.