Wanataka nikunywe pombe ya kufuta hapana yangu

Admini, nifichie jina, hata kama watu wa Kalundu wakisoma watanijua tu juu ya maneno mingi. Minye niko mama wa miaka makumi ine na saba, masomo niliacha mu ya tatu ya primere, mudomo ndiyo diplome yangu. Nauza samaki ndagala. Kwetu ukiniletea bei haifai nakuambia hapana, tunacheka, unaenda. Lakini niliolewa na muntu wa Lubarika, na kule hapana haisemwake. Wanasema "tutaona", "Mungu anajua", "mupitie tena".

Sasa yaya ya bwana yangu, kaka yake mukubwa, iko na binti, tumuite Neema. Anakaa kwangu, anajifunza kushona. Mubaba moja wa Luvungi, bibi yake alikufa, akamutaka. Neema hamutaki. Baba yake naye hamutaki, alituambia mwenyewe mu nyumba. Lakini kila mara watu wa ule mubaba wakikuja na nyungu ya pombe ya mtama, shemeji anaingiza murija pamoja na wao, anasema "tutaona", wanarudi kwao wanafurahi. Mara ya mwisho, minye na Neema tuko kwa shemeji, wakaanza kuuliza kama harusi itakuwa mbele ya mavuno ao nyuma. Shemeji akasema, "Tutaona." Neema alikuwa nyuma ya mulango, amejifunga kinywa na kitambaa, analia.

Minye nilikuwa naleta viti. Nikaweka kiti chini, nikasema, "Wazee, musichoke bure. Mutoto hataki, baba yake hataki. Ni hapana."

Wote wakatoa mirija mu kinywa. Muzee moja akaniuliza pole pole, "Mama, weye ni nani hapa?"

Nikamujibu, "Niko ule mwenye kusema."

Wakaenda bila kuaga. Shemeji akanigeukia: "Umetupaka haya. Tulikuwa tunawakatalia pole pole."

"Mulikuwa munakunywa pole pole, shemeji."

Mama mukwe akacheka, kisha akakumbuka kama iko na kasirani.

Famiye ya bwana ikakaa kikao. Wanataka nipike pombe, niipeleke Luvungi, niombe musamaha, nikunywe na wale watu mu nyungu moja. Nikikataa, nisikanyage tena kwao. Bwana yangu ananibembeleza: "Mama watoto, nenda tu, ni maneno ya mudomo." Uongo. Kule ukikunywa na muntu kisha kuomba musamaha, neno yako imekufa. Watatoka pale wanachagua siku ya harusi, na shemeji atawaambia nini? Munajua. Neema ananiuliza kila asubuhi, "Mama mudogo, utaenda?"

Famiye naipenda. Mama mukwe ndiye mwenzangu wa kusengenya, nikimukosa nitakufa na maneno mu tumbo.

Basi nyinyi mulisoma, munipe akili: nitafanya namna gani nibakie mu famiye bila kumutoa Neema? Semeni yote, hata munitukane, nitasoma. Lakini ile nyungu sipike.