Mbuzi ya Kilio

Philémon alikuwaka masoni, fundi wa kujenga wa Kadutu, na kichwa yake ilikuwa nguvu kuliko mawe aliyokuwa anapasua. Namusema vibaya kwa sababu nilimupenda. Mimi Ignace, karani, ndiye nilimusomea kontra zake zote, karatasi za mapatano ya kazi, maana yeye hakujua kusoma.

Mu mwaka wa hamsini na sita, wakati wa ukoloni, muzungu mumoja wa Ibanda alimupa kazi ya ukuta wa mawe, wa kuzuia udongo wa bustani usishuke. Kontra ilisema wazi: chini ya ukuta yabaki matundu kumi na mbili ya kutoa maji ya mvua. Philémon akayaacha wazi yote kumi na mbili. Kiisha muzungu akaona maji ya matope inachafua baraza yake, akasema: "Ziba yote leo." Kwa kinywa tu.

"Mwambie aandike," nikamwambia Philémon. "Hata mistari mbili."

Akacheka. "Karani, wewe na makaratasi yako! Nikimuomba karatasi, atasema namuona mwongo. Kesho atanipa tena kazi?"

Hivyo ndivyo masoni wetu wote walifanya: kontra kwa karatasi, mabadiliko kwa kinywa. Modeste, mufanyakazi wa Philémon, akayaziba na simenti.

Mwezi wa kumi na moja mvua ikanyesha siku tatu. Maji ikakosa njia. Asubuhi ya siku ya nne ukuta ukamuangukia Modeste, aliyekuwa chini anapanga mawe ya ngazi. Zaidi ya Philémon, aliyemusikia muzungu akisema "ziba" alikuwa huyo marehemu peke yake.

Philémon akapanda Kabare kwa baba ya marehemu, muzee Bisimwa, na mbuzi jike. Kwetu, kijana akifia mu kazi yako, unafika kwenye kilio na mbuzi, unainamisha kichwa, hata kama haukukosa. Ukibaki nyumbani, ndipo watu wanasema umeua.

Muzungu akamushitaki. Mbele ya juje wa korti, muzungu akakana kwamba alisema "ziba": kontra ilitaka matundu, ukuta haukuwa nayo. Juje akimwamini, Philémon anaenda kufungwa buloko. Na mimi nikajiona mujanja, Mungu anisamehe! Nikaandika jina la muzee Bisimwa kama mushahidi, ili juje asikie kwamba hata mufiwa hana kinyongo.

Muzee akasema kwa moyo mweupe: "Huyu ni mutu muzuri. Aliniletea mbuzi, nikaipokea. Kwetu neno imeisha."

Juje akainua kalamu. "Alikuletea mbuzi ya nini, kama hakukosa?"

Nikasimama, nikaanza kueleza desturi yetu. Wakanikalisha. Karani mweusi hana ruhusa ya kusema pale. Philémon akapewa miaka mitatu.

Hakuimaliza. Kuhara damu kulimuua mu buloko mwaka wa pili. Muzungu alikuwa amejenga ukuta mupya; nilipita pale nikahesabu matundu. Kumi na mbili! Nilitema mate, mimi mutu muzima.

Siku ya kilio, muzee Bisimwa alishuka kwa miguu kutoka Kabare, anavuta ile mbuzi jike na wana-mbuzi wake wawili nyuma. Akafunga kamba kwenye mulango wa Adolphine, mujane wa Philémon.

"Maman," akasema, "kama ningeikataa hii mbuzi, mume wako angekuwa hapa."

Nilikuwa nimekaa karibu nao. Ilinipasa nisimame niseme: muzee, ni mimi niliandika jina lako. Sikusimama.