Guide kamshika mama mkwe wangu mkono ili acheze dansi na mimi, pale pale Morogoro

Wakuu, salamu kwenu. Wazee wa "weka picha" mnisamehe, sina picha, na hii sio chai. Nasimulia kilichonikuta kama kilivyo. Nikitukana, mod afute hilo tusi tu, uzi auache.

Mimi ni mkazi wa Babati, Bagara, huku Manyara. Kuna jamaa waliandaa ziara ya muziki wa dansi kwa basi dogo: Kondoa, Dodoma, Morogoro, mwisho Bagamoyo. Kila mji mnashuka, guide anawaonyesha kumbi za zamani na kuwapigia nyimbo za enzi hizo.

Tulilipia nafasi mbili, mimi na wife. Wife ni mjamzito, anamletea Brayani wetu mdogo wake, daktari akamkataza safari ndefu. Akaniambia, "Mpeleke mama."

Mama ndiye mama mkwe wangu. Anakaa Singe, analima mbaazi, mumewe alishafariki. Walikutana Morogoro ukumbini, kwenye dansi. Huo ukumbi ndio alioutaka, miji mingine alikuwa anaisindikiza tu.

Sasa nielewane na nyie. Kwetu mtu na mama mkwe wake ni heshima nzito. Sili naye meza moja, mkono simpi, shikamoo naitoa nikiwa mbali.

Asubuhi ya safari nilimvuta guide pembeni nikamweleza yote hayo. Akasema, "Usijali mkuu." Mimi nikakaa mbele, mama nyuma kabisa.

Kondoa freshi. Dodoma freshi, hadi nikamsikia mama kule nyuma anaimba na spika. Tangu tumzike mzee sikuwahi kumsikia akiimba.

Morogoro mama akashuka wa kwanza. Alikuwa amevaa kitenge kipya kabisa, kumbe alikishonesha kwa ajili ya hapo.

Guide akasimama mlangoni pa ukumbi ule ule na maiki yake. Eti zamani watu waliingia wawili wawili, kwa hiyo kila mtu aingie akicheza na aliyekuja naye!

Nikamwambia, "Kaka, sisi tupishe. Si nilikueleza?"

Akajifanya hasikii. Akamshika mama mkono, akauweka kwenye mkono wangu, akatangaza, "Haya, mkwe na mkwe! Manyara mmeamka!"

Watu wakacheka. Simu juu, wanarekodi. Watu wazima na akili zao!

Mama akachomoa mkono. Akajifunika mtandio usoni, akageuka, akarudi kwenye basi.

Nikamwambia guide awatoe watu, mama aingie peke yake hata kidogo tu. Mnajua alinijibu nini? "Broo, dunia imebadilika, acheni ushamba. Halafu chakula kimeshaagizwa, ratiba inatubana."

Aisee! Nilimkunja shati, dereva ndiye aliyetuachanisha.

Nikaenda kwenye basi, nikasimama mbali na dirisha. "Mama, nenda ukaingie, mimi nabaki huku."

Akasema, "Acha, Baba Brayani. Watu wanatuangalia."

Basi likaondoka. Bagamoyo hakushuka kabisa.

Yule mpuuzi kamfanya mama wa watu aone aibu mlangoni pa kumbukumbu ya mumewe, kisa ratiba ya wali kuku. Hasira hiyo ninayo hadi leo.

Nilichojifunza: ukisafiri na mkweo, mtu wa "usijali" usimwamini, na wakianza upuuzi wao mtoe mzazi wako kabla hawajamfikia. Mimi nilichelewa hatua moja tu.

Tuliporudi, wife akamuuliza, "Mama, ukumbi umeukuta?"

Akajibu, "Nimeukuta. Wamepaka rangi mpya."

Wife akafurahi. Mimi nikatoka nje, nikashindwa kumwambia kwamba mama hakuona zaidi ya hiyo rangi.

Mtakaokuja na "mila zimepitwa na wakati" karibuni, nipo hapa nawasubiri. Ila wenye busara nisaidieni: wife akijifungua nataka ampeleke yeye, na mama kila akisikia neno Morogoro anainuka anaenda shambani. Nifanyeje?